Walipona kuliko nani? Uzito wa ushahidi kuhusu upasuaji wa ligamenti za kifundo cha mkono

Fundi mmoja wa lipu alinijia na bahasha ya picha za eksirei na swali moja. Miezi mitano kabla ya siku hiyo alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda, pikipiki ikateleza kwenye mchanga, naye akajikinga kwa kiganja cha mkono wa kulia. Alipigwa picha siku hiyohiyo, akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, akapewa dawa za maumivu. Uvimbe ulikwisha baada ya wiki mbili. Lakini tangu hapo, kila akishika mwiko na kusukuma lipu ukutani, kifundo kinamchoma kwa ndani, na mara nyingine kinalia "ko!" kama kufuli inayofunguka. Mwishowe daktari bingwa akamwambia kuwa ligamenti imekatika na kwamba upo upasuaji wa kuirekebisha. Akaniuliza: "Dada, nikifanyiwa nitapona?"

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu huanza baada ya upasuaji, pale waya zilizoshikilia mifupa zinapotolewa na hogo linapofunguliwa. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu kwa kukumbuka wagonjwa wangu wa mwisho wawili watatu. Nilipoanza kusoma utafiti wenyewe nikagundua kwamba sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu upasuaji huu imejengwa kwa namna hiyohiyo: daktari anawakumbuka wagonjwa wake, anawahesabu, anaandika. Ndiyo maana naona ni haki ya mgonjwa kuelewa mambo yalivyo kabla hajaweka sahihi yake kwenye fomu.

Kwanza tukubaliane maneno. Mtaani kila kamba ya mwilini huitwa mshipa. Hapa nitaita "kano" ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, na "ligamenti" ile inayofunga mfupa kwa mfupa. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane. Nyoosha kidole gumba kama unayeomba lifti barabarani: chini yake, upande wa mgongo wa mkono, kitatokea kishimo kidogo. Bonyeza humo. Mfupa unaougusa ni skafoidi. Jirani yake, kuelekea katikati ya kifundo, upo mfupa wenye umbo la mwezi mchanga uitwao lunati. Hawa wawili wamefungwa pamoja na ligamenti fupi yenye sehemu tatu, na sehemu ya upande wa mgongo wa mkono ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Ligamenti hiyo ikikatika kabisa, skafoidi huinamia mbele na lunati hulalia nyuma, kila mmoja na njia yake. Kati yao hufunguka mwanya. Kwetu mwanya wa meno ni sifa ya uzuri. Kwenye picha ya kifundo, mwanya unaozidi milimita 3 humfanya daktari ashushe miwani na kuangalia tena. Mkono ukiendelea kubeba mzigo hivyo, gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, huanza kusagika, kwanza karibu na ncha ya mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba, kisha kuelekea ndani. Mwaka 1984 daktari Mmarekani H. Kirk Watson na mwenzake Ballet walilielezea tatizo hilo la kifundo kuporomoka hatua kwa hatua, na tangu hapo ndiyo hoja kubwa inayowasukuma madaktari kupasua mapema: tusipofunga leo, kesho kifundo kitaharibika.

Hoja inaeleweka. Ila angalia walivyoipata. Watson na Ballet walipitia picha 4,000 za vifundo, wakachambua 210 zilizokuwa na usagikaji, kisha wakapanga mfuatano wake. Walianzia kwa walioharibika wakarudi nyuma. Ukitaka kujua ni abiria wangapi wa bodaboda huanguka, huwezi kwenda wodi ya majeruhi ukawahesabu waliolazwa. Huko hutamkuta aliyefika nyumbani salama. Watu waliokatika ligamenti, wakaishi nayo, wasirudi hospitali, hawamo kwenye hesabu ya namna hiyo. Mwaka 2003 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 11 ambao jeraha la ligamenti hii lilithibitishwa kwa kamera ndogo iliyoingizwa ndani ya kiungo na hawakufanyiwa upasuaji wa kuitengeneza. Baada ya miaka kama saba wengi walikuwa bado na maumivu ya kiasi, lakini kuporomoka kwa kasi kulikotarajiwa hakukuonekana. Watu 11 ni wachache mno kumtuliza mtu yeyote, na majeraha yao hayakuwa yale mabaya kabisa. Hata hivyo inatosha kutuonyesha kwamba jambo ambalo kila kitu kinalitegemea, yaani nini humpata asiyepasuliwa, halijapimwa vizuri.

Ngazi za ushahidi

Tangu mwaka 2003 jarida kubwa la upasuaji wa mifupa la Marekani, The Journal of Bone and Joint Surgery, limekuwa likiweka kwenye makala za tiba alama ya ngazi ya ushahidi. Ngazi ya kwanza ni jaribio zuri ambalo wagonjwa wamegawanywa kwa nasibu, kama kurusha shilingi: huyu apate tiba hii, yule apate ile. Katikati wapo waliolinganisha makundi mawili bila kuyagawa kwa nasibu. Ngazi ya nne ni mfululizo wa wagonjwa: daktari amewapasua watu kadhaa kwa njia moja, akawafuatilia, akaeleza walivyoendelea, bila kundi la kulinganisha nalo. Ya tano ni maoni ya mtaalamu.

Mwaka 2018 watafiti wa Sweden walichapisha mapitio ya kimfumo ya tafiti za kutengeneza na kuunda upya ligamenti za kifundo. Picha waliyoikuta haitamshangaza anayesoma fani hii: nyingi ziko ngazi ya nne, na majaribio ya nasibu ni ya kuhesabu kwa vidole. Mfano mmoja ninaouheshimu sana ni makala ya mwaka 2006 ya Marc Garcia-Elias wa Barcelona na wenzake. Walieleza njia ya kukata kipande cha kano inayokunja kifundo, kukipitisha kwenye tundu lililotobolewa ndani ya skafoidi, kisha kukivuta hadi upande wa pili kiishike lunati. Njia hiyo ilitokana na wazo la Brunelli wa Italia lililochapishwa mwaka 1995, na leo inafanywa sehemu nyingi duniani. Makala ya 2006 ilikuwa na wagonjwa 38. Iliandikwa kwa uangalifu, na mapungufu yalitajwa. Lakini wote 38 walipasuliwa. Hakuna wa kuwalinganisha naye.

Ukisoma kwamba wagonjwa wengi walipungukiwa na maumivu baada ya upasuaji fulani, uliza swali moja: kuliko nani?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu yapo mambo mengi yanayoweza kumpunguzia mtu maumivu ya kifundo bila ligamenti yenyewe kuhusika. Mtu huenda kupasuliwa wakati maumivu yako kileleni. Maumivu yana tabia ya kupanda na kushuka, na yaliyo kileleni yana njia moja tu ya kwenda. Halafu baada ya upasuaji mkono hufungwa kwa wiki kama nane, mtu anaacha kazi nzito, anarudi kwangu kwa miezi ya mazoezi. Anabadilisha namna ya kushika vitu, na pengine anabadilisha kazi yenyewe. Kapsuli, yaani mfuko unaozunguka kiungo, iliyokatwa na kushonwa, inakakamaa, na kifundo kilichokakamaa kidogo mara nyingi huuma kidogo. Juu ya hayo yote ipo imani: mtu amekatwa, ameshonwa, ana kovu, ana daktari anayemjali. Mfululizo wa wagonjwa hauwezi kutenganisha haya na kazi ya ile kano iliyopitishwa kwenye tundu. Hayo yote yameviringishwa katika neno moja: "waliendelea vizuri".

Wapo pia wasioonekana. Katika ufuatiliaji wa miaka miwili au mitatu, baadhi ya wagonjwa hawarudi. Aliyepona kabisa haoni sababu ya kupoteza siku ya kazi. Aliyekata tamaa ameenda kwa daktari mwingine. Ukihesabu waliorudi tu, hujui umewaacha wapi wengine. Na daktari ambaye wagonjwa wake kumi hawakuendelea vizuri, mara nyingi haandiki makala.

Kibaba kimoja, nafaka nyingi

Tatizo jingine linaanzia kwenye kuamua nani ana jeraha. Daktari hubonyeza skafoidi kwa kidole gumba upande wa kiganja huku akiupeleka mkono kushoto na kulia. Mfupa ukiruka na kuuma, anashuku ligamenti. Ni kipimo kizuri, lakini wapo watu wazima wasio na jeraha lolote ambao vifundo vyao hulegea na kuruka vivyo hivyo. Eksirei ya kawaida inaweza kuwa safi kabisa, kama ya fundi wangu ya siku ya kwanza. MRI husaidia, ila ikisema hakuna kitu, haitoshi kumwondolea mtu shaka. Kinachoaminika zaidi ni kuingiza kamera ndogo ndani ya kiungo, na hapo madaktari hutumia ngazi nne zilizoelezwa na daktari Geissler mwaka 1996, kuanzia ligamenti iliyovutika hadi ile iliyokatika kiasi kwamba kamera inapita kati ya mifupa miwili.

Sasa tazama tafiti nyingi zinavyochanganya. Ndani ya kundi moja utakuta kijana aliyeanguka wiki tatu zilizopita, mama wa miaka 50 mwenye maumivu ya miaka minne, aliyevutika na aliyekatika kabisa, na mwingine aliyevunjika na mfupa wa kigasha pia. Ni kama kupima maharage, mbaazi na choroko kwenye kibaba kimoja, kisha kutangaza bei ya maharage. Wapasuaji wengi huamini kwamba jeraha likishughulikiwa ndani ya wiki sita za mwanzo, ligamenti ina nafasi nzuri ya kushonwa ikaungana. Baadaye ncha zake husinyaa na inabidi kutumia kano. Inaelekea kuwa kweli, na kibaiolojia ina mantiki. Ila watu wanaowahi ndani ya wiki sita hutofautiana na wanaochelewa kwa mambo mengi, hivyo matokeo yao mazuri hayawezi kuwekwa moja kwa moja kwenye hesabu ya kuwahi.

Upande wa pili wa kifundo, ule wa kidole kidogo, uko mto wa gegedu na nyuzi ambao nao hutengenezwa kwa upasuaji. Huko kuna onyo zuri zaidi. Mwaka 1978 mtafiti Mikić alichunguza vifundo 180 vya marehemu. Kwa walio chini ya miaka 20 hakukuta tundu kwenye mto huo; kwa waliopita miaka 60, zaidi ya nusu walikuwa nalo. Kutoboka ni sehemu ya kuzeeka kwa kifundo, kama mvi. Kwa hiyo mtu wa miaka 55 mwenye maumivu akipigwa MRI ikaonyesha tundu, tundu hilo huenda lilikuwepo miaka kumi kabla ya maumivu. Ukilishona na maumivu yakaisha, bado hujui kama umeshona kilichokuwa kikiuma.

Hesabu ndogo

Madaktari wenyewe wamejaribu kulinganisha njia na njia, na mara nyingi makala huishia na maneno "hakukuwa na tofauti". Hapa kuna mtego, nao unahitaji hesabu.

Dodoso linalotumika sana linaitwa DASH. Lilitolewa mwaka 1996, lina maswali 30, na majibu hugeuzwa kuwa alama 0 hadi 100. Sifuri ni mkono usio na shida. Tofauti ndogo ambayo mgonjwa huihisi kweli huchukuliwa kuwa kama alama 10. Wagonjwa hutofautiana sana, kwa hiyo tuseme mtawanyiko wa alama zao, yaani jinsi zinavyoachana na wastani, ni 20. Ili jaribio liwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti ya alama 10 kama ipo, linahitaji watu wapatao 63 kila upande, yaani 126, na zaidi ya hapo kwa sababu wengine hawatarudi. Tafiti nyingi za ligamenti hizi zina watu 20 au 30 kwa jumla. Hata ukiwa na 25 kila upande, uwezekano wa kuiona tofauti hiyo haufiki nusu. Kwa hiyo "hakukuwa na tofauti" hapo ina maana ya "taa yetu ilikuwa hafifu", na haimwambii mtu kwamba njia mbili ziko sawa.

Dodoso lenyewe lina la kusema kuhusu nani alifikiriwa. Linauliza kuhusu kufungua chupa iliyokazwa, kugeuza ufunguo, kutandika kitanda, kubadilisha balbu. Kwenye burudani linataja gofu na tenisi. Haliulizi kuhusu kubeba ndoo ya lita 20, kukamua nguo kwa mkono, kupalilia kwa jembe. Haliulizi kuhusu kusujudu, jambo ambalo kifundo cha mgonjwa wa ligamenti hulichukia kuliko mengi: mikono imepinda nyuma kabisa, uzito wa mwili juu yake, mara 34 kwa siku kwa anayeswali rakaa 17 za faradhi. Nimewaona watu wenye alama nzuri za DASH wanaoswali kwa kuweka ngumi chini. Kwa hesabu za utafiti, wamepona.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na waliofanya hivyo kwenye viungo vingine walipata majibu yasiyotarajiwa. Mwaka 2002 Bruce Moseley wa Houston alichapisha jaribio la watu 180 wenye magoti yaliyosagika. Wengine walisafishwa goti kwa kamera, wengine walioshwa tu, na wengine wakachanjwa ngozi na kushonwa bila kuguswa ndani, wakiwa wamekubali mapema kwamba hilo lingeweza kuwapata. Miaka miwili baadaye hakuna kundi lililolizidi lingine. Mwaka 2013 Wafini waliwagawa watu 146 wenye kuchanika kwa meniskasi, yaani mto wa gegedu ndani ya goti, kwa njia kama hiyo, na baada ya miezi 12 matokeo yalilingana. Mwaka 2018 Uingereza ilipata jibu linalofanana kwa upasuaji mmoja wa bega. Kila moja ya tiba hizo ilikuwa imefanywa kwa miaka mingi, na kila moja ilikuwa na mfululizo wa wagonjwa waliosema wameendelea vizuri.

Sitaki mtu alisome hilo kama hukumu juu ya kifundo. Meniskasi iliyochakaa kwenye goti la mtu wa makamo ni jambo tofauti na ligamenti iliyokatwa ghafla kwa kijana wa miaka 24, mifupa ikiwa imeachana wazi. Ningekuwa kijana huyo, na mpasuaji wa mkono mwenye uzoefu akaniambia nimewahi, niko ndani ya wiki ya pili, nadhani ningekubali. Lakini ningekubali nikijua kwamba nasimama juu ya mantiki ya maumbile na uzoefu wa mpasuaji. Jaribio la kunihakikishia halipo. Kwa jeraha la zamani, lenye maumivu ya wastani na mwanya usio mkubwa, nina shaka zaidi, na ningetaka kwanza miezi mitatu ya mazoezi ya kweli.

Majaribio ya nasibu kwenye kifundo ni machache kwa sababu zinazoeleweka. Majeraha yanayofanana hayafiki hospitali moja kwa wingi; kupata watu 126 kunahitaji hospitali nyingi na miaka mingi. Mpasuaji aliyejifunza njia moja kwa miaka kumi hawezi kuamka kesho akafanya nyingine kwa ustadi uleule. Na ni vigumu kumwambia mgonjwa aliyesafiri usiku kucha kwa basi kwamba shilingi itarushwa.

Nilimweleza fundi yule haya yote, kwa maneno machache kuliko ninayoandika hapa. Alisikiliza, akauliza kama anaweza kumuuliza daktari wake mwenyewe. Nikamwandikia maswali kwenye karatasi: umefanya upasuaji huu mara ngapi, ligamenti yangu iko ngazi gani, nitapoteza kiasi gani cha kukunja, nikingoja nini kitatokea, na wale uliowafanyia wako wapi sasa.

Alirudi baada ya wiki moja, karatasi imekunjwa mara nne mfukoni. Daktari alikuwa amekaa naye nusu saa. Alimwambia amewafanyia watu tisa kwa njia hiyo ya kano. Watano bado anawaona. Watatu kati yao wamerudi kwenye kazi zao za zamani, wawili wamebadilisha kazi. "Na wanne?" fundi aliuliza. Daktari akamjibu kuwa namba zao za simu hazipatikani tena.

Fundi aliamua kuanza na mazoezi. Tunakutana Jumanne na Ijumaa. Ameleta mwiko wake, na tunapima ni dakika ngapi anaweza kusukuma ukutani kabla kifundo hakijalia.